Kalunguyeye, Fahali na Maswali ya Jumatano

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa nini?

"Pakawa kiti!"

Kiti cha nani?

"Cha mwenye kukikalia!"

Na asipokikalia?

"Ngano ije imkalishe!"

Haya, sogeeni. Raya, toa mguu kwenye ungo wangu wa mbaazi. Mvua hii haina dalili ya kukatika, nanyi mmeshanichafulia sebule nzima, basi afadhali niwape ngano mtulie. Jana Raya aliniuliza, "Shangazi, yule Waziri Mkuu wa Uingereza anayetajwa redioni, ndiye mfalme wao?" Nikamwambia siye. Akaniuliza, "Sasa kazi yake nini?" Nikamtuma chumvi dukani. Usiku wa kuamkia leo jibu limenijia. Lina miiba, lakini ni jibu.

Hapo kale, wala si kale sana, palikuwa na kisiwa cha wanyama huko kwenye baridi. Kisiwa kikiitwa Manyunyu, kwa sababu mvua yake haikunyesha ikaisha wala haikuacha kabisa. Ilinyunyiza tu. Nyunyu, nyunyu, nyunyu. Wanyama wa Manyunyu walikunywa chai asubuhi, wakanywa chai saa nne, wakanywa chai alasiri. Hata walipotaka kugombana walikunywa chai kwanza, ndipo wakagombana.

Mfalme wao alikuwa Simba, mzee mno, amesinzia chini ya taji lake. Simba alikuwa na taji, alikuwa na kasri, alikuwa na mto wa manyoya. Kazi hakuwa nayo. Mwenye kazi alikuwa Waziri Mkuu. Waziri Mkuu alipewa nyumba nyembamba yenye mlango mweusi, akapewa birika la chai, akapewa na shida zote za kisiwa.

Na palikuwa na desturi. Sikilizeni vizuri, maana ngano yote imekaa juu ya desturi hii. Kila Jumatano, saa sita mchana, Waziri Mkuu aliingia Barazani akasimama katikati ya mistari miwili myeupe iliyochorwa sakafuni. Huku mabenchi, huku mabenchi, na wajumbe wote wanamwuliza maswali. Akishaingia katikati ya mistari, haketi, hali, hanywi, mpaka kila mwenye swali aseme, "Nimejibiwa." Asiyejibiwa anarudi mwisho wa foleni, anauliza tena. Na Waziri Mkuu akivuka mstari kabla hawajamalizika, uwaziri wake umekwisha hapo hapo.

Jingine. Neno lolote analolisema Waziri Mkuu akiwa katikati ya mistari ni sheria. Anasema, na Kunguru anaandika. Kunguru ndiye karani, na Kunguru akishaandika hafuti, kwa sababu hakupewa kifutio. Ndiyo maana mawaziri wakuu wa Manyunyu walisema kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, taratibu, huku wanaangalia chini.

Sasa Waziri Mkuu wa wakati huo alikuwa nani? Alikuwa Kalunguyeye.

"Yule mdogo mwenye miiba?"

Yule yule. Mdogo, ukimweka ndani ya kibaba anaenea, na nafasi ya kijiko inabaki. Mimi nampenda Kalunguyeye, nawaambia mapema, kwa hiyo mkiona namtetea mno mnisamehe.

Kalunguyeye alizaliwa Bonde la Vichaka. Humo walikaa wadogo wote wa kisiwa: panya, vyura, na sisimizi wasiohesabika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia majani nje ya Baraza. Akifagia, anasikiliza dirishani. Akisikiliza, anasahau kufagia. Wakamfukuza kazi. Akasema, "Vyema. Nitaingia kwa mlango."

Akagombea ujumbe wa bonde lake. Aliyeshindana naye alikuwa Batamzinga. Batamzinga akapanda jukwaani. Gulu gulu gulu! Akahutubia asubuhi, akahutubia mchana, akahutubia mpaka wapiga kura wakalala wakiwa wima. Ikafika zamu ya Kalunguyeye. Akasema, "Ndugu zangu, mimi ni mfupi na hotuba yangu ni fupi. Nipigieni kura, mkale." Wakampigia kura, wakaenda kula.

Miaka kumi na mmoja akakaa benchi la nyuma, na benchi lilikuwa refu, hakuna aliyemwona. Kisha Mbuni, Waziri Mkuu wa zamani, akastaafu. Beberu akasema, "Zamu yangu!" Jogoo akasema, "Zamu yangu!" Wakazozana mpaka chai ikaisha, na chai ikiisha Manyunyu hali ni mbaya sana. Wakubwa wakanong'onezana, "Tumweke huyu Kalunguyeye kwa wiki moja. Mdogo huyu, tukimchoka tutamtoa kwa mkono mmoja."

Wakamweka. Wiki ikaisha. Wakanyoosha mkono kumtoa.

"Alaaa! Miiba!"

Akakaa miaka tisa.

Na maneno yake sasa! Kisiwa kizima kiliyashika. Alipoulizwa, "Waziri Mkuu, mvua hii itaacha lini?" alijibu, "Mheshimiwa, serikali yangu iliikuta inanyesha." Alipoulizwa, "Bei ya chai itashuka?" alijibu, "Swali nimelisikia, na najua nalo limenisikia." Siku moja Jogoo akamfokea mbele ya watu, "Wewe ni mwoga! Ukitishwa unajikunja!" Kalunguyeye akamtazama kwa upole, akasema, "Mimi si mwoga, Mheshimiwa. Mimi ni mviringo."

Watoto wa Manyunyu wakafanya wimbo. Akina mama wakichelewa kupika wakiulizwa na waume zao, wanasema, "Mimi si mvivu, mimi ni mviringo." Hata mimi nimewahi kulisema neno hilo hapa nyumbani, na mume wangu hakulipenda.

Basi, alikuwapo Fahali.

Fahali alikuwa mjumbe wa benchi la mbele. Shingo nene, pembe ndefu, na tumbo lisilojua kushiba. Mbuga ya Kaskazini alikuwa ameila. Mbuga ya Kusini alikuwa ameila. Bustani ya Mfalme alikuwa ameila, akabakisha maua mawili, akarudi asubuhi kuyamalizia. Kwacha, kwacha, kwacha! Likabaki Bonde la Vichaka tu. Na kila alipolipita alisema, "Vichaka hivi vingeng'olewa, hapa pangeota nyasi, na nyasi hizo ningezila mimi."

Kila Jumatano Fahali alikuwa wa kwanza kuuliza. Kila Jumatano swali lilikuwa moja.

"Mbooo! Mheshimiwa Spika! Lile Bonde la Vichaka lina kazi gani?"

Spika alikuwa Bata Bukini. "Kwaa! Utulivu! Waziri Mkuu ajibu! Kwaa!"

Kalunguyeye alisimama. Kalunguyeye alifungua mdomo. Na Fahali, kabla jibu halijatoka, alikuwa ameshageuka, mkia huo, anaelekea mlangoni. Nje ya Baraza palikuwa na majani laini, na saa sita ndiyo saa yanapolegea kwa manyunyu. "Nimejibiwa!" alisema akiwa mlangoni, mdomo umejaa.

Miaka tisa Fahali aliuliza. Miaka tisa Fahali hakubaki kusikia jibu. Akirudi jioni anakuta Baraza tupu, mabenchi yamepanguswa, Kalunguyeye ameshakwenda nyumbani. Yeye kichwani mwake uwaziri mkuu ulikuwa ni nyumba, birika, na watu kukupisha njiani.

Mwaka wa tisa akasema, "Basi. Kiti hicho nakichukua mwenyewe." Akamwendea Farasi, akamwahidi shayiri. Akamwendea Nguruwe Dume, akamwahidi matope. Akamwendea Beberu, na Beberu bado alikuwa na kinyongo chake cha zamani, hakuhitaji ahadi. Wakahesabiana. Wakubwa walikuwa wengi Barazani, wadogo wachache. Kura ikapangwa Jumatatu.

Jumapili Kalunguyeye akaenda Bonde la Vichaka kumwona mama yake. Mama alikuwa mzee, anakaa chini ya kichaka kile kile alichomzalia. Aliwahi kuletwa kwenye nyumba yenye mlango mweusi akakaa siku mbili, akasema zulia linamwasha, akarudi kwake. Siku hiyo alikuwa anakaanga konokono. Chaaa!

"Mama," Kalunguyeye akasema, "kesho natolewa."

"Pole, mwanangu. Leta sahani."

"Mama, si mimi. Mimi nitapata pa kukaa. Fahali akiingia atang'oa vichaka vyote. Na hiki chako." Yule bingwa wa maneno, kisiwa kizima kinamwimba, akakaa mbele ya mama yake akalia machozi. Nawaambia kwa sababu watu wanapenda kusimulia vichekesho vyake tu. Alilia. Aliona kichaka cha mama yake kinang'olewa, na mama anabaki kwenye manyunyu na kikaango mkononi.

Mama akamwacha alie, akageuza konokono. Kisha akauliza, "Huyo Fahali, kazi yako anaijua?"

"Anaijua sana. Kila Jumatano anauliza."

"Kuuliza nimesikia. Kujibu je?"

Kalunguyeye akaacha kulia. Akafikiri. Kikombe cha chai kikabaki hewani, hakikwenda mdomoni wala hakikurudi chini.

"Mama," akasema, "hajawahi kubaki hata siku moja."

"Basi kula," mama akasema, "konokono wanapoa."

Jumatatu kura ikapigwa. Kwa Fahali, kura hamsini na moja. Kwa Kalunguyeye, arubaini na tisa. Puu! Kwisha. Wadogo wakaanza kulia huko nje. Wakubwa wakagonga kwato sakafuni. Fahali akaja, ngu, ngu, ngu, akaingia katikati ya mistari kuapishwa, pembe zimepakwa mafuta.

Spika akasema, "Kwaa! Kwa desturi, Waziri Mkuu anayeondoka ana ombi moja la kuaga. Anayeingia ana hiari, kukubali au kukataa."

Mbuni, alipoondoka, aliomba mwavuli. Aliyekuwa kabla yake aliomba mbwa. Sasa Baraza zima likamtazama Kalunguyeye. Kila mtu alijua ataomba bonde. Fahali naye alijua, akawa ameshaliweka neno "Hapana" mdomoni, analizungusha kama majani anayocheua.

Kalunguyeye akasema, "Miaka tisa nimekuwa kitini bila kukaa. Sasa nakwenda kukaa. Ombi langu ni dogo. Sisimizi wa kisiwa hiki hawajawahi kupewa nafasi Barazani. Naomba nao wawe na haki ya kuuliza swali siku ya Jumatano."

Fahali akalimeza lile "Hapana."

"Swali?" akauliza. "Swali tu? Huombi bonde?"

"Swali tu."

"Huombi mwavuli?"

"Swali tu, Mheshimiwa."

"Mbo-ho-ho-hooo!" Fahali akacheka mpaka madirisha yakatikisika. "Wapewe! Kila sisimizi na swali lake! Mimi si bahili!"

Kunguru akaandika. Kra, kra, kra. Kila sisimizi na swali lake.

Kalunguyeye akatoka na begi lake dogo. Njiani akakutana na Bi Sisimizi, mkuu wa sisimizi wote, na nyuma yake mlolongo unafika hadi mtoni. Bi Sisimizi hakuwa na furaha. "Mheshimiwa," akasema, "tunapoteza nyumba, nawe unatuombea maswali. Nyumba huezekwa kwa maswali? Sasa tukaulize nini?"

"Ulizeni mnachotaka kukijua kweli."

"Tunataka kujua akiling'oa bonde tutalala wapi."

"Basi ulizeni hilo."

"Wote tuulize hilo hilo?"

"Kila mmoja ana usingizi wake, Bi Sisimizi," Kalunguyeye akasema, akaenda zake.

Haya. Waziri Mkuu mpya wa Manyunyu hatii saini karatasi yoyote kabla hajajibu maswali ya Jumatano yake ya kwanza. Fahali akaiweka amri ya kung'oa vichaka mezani, wino tayari. Akaagiza na chakula cha kusherehekea, kiandaliwe saa saba kamili: mikokoteni mitatu ya majani makavu, mmoja wa klova mbichi, yale majani matamu ya nchi za baridi, na pipa la molasi. "Maswali yenyewe nusu saa," akasema. "Mimi mwenyewe nilikuwa natoka mapema."

Jumatano, saa sita. Fahali akaingia katikati ya mistari. Farasi akauliza swali la kumsifu. Fahali akajibu. Farasi akasema, "Nimejibiwa." Nguruwe akauliza swali la kumsifu. Fahali akajibu. Nguruwe akasema, "Nimejibiwa." Fahali akaona raha. Akageuka kwenda kula.

"Kwaa!" Spika akasema. "Bado kuna foleni."

Fahali akatazama mlangoni. Sisimizi mmoja. Nyuma yake sisimizi. Nyuma yake sisimizi. Mstari mweusi umeteremka ngazi, umepita uwanjani, umevuka daraja, na mwisho wake hauonekani.

Wa kwanza akapanda juu ya kiatu cha Spika ili aonekane. Akauliza, "Waziri Mkuu, ukiling'oa Bonde la Vichaka, mimi nitalala wapi?"

"Utalala mahali pazuri!" Fahali akasema.

"Mahali pazuri ni wapi? Sijajibiwa." Tiki tiki tiki, akarudi mwisho wa foleni.

Wa pili akauliza, "Waziri Mkuu, ukiling'oa Bonde la Vichaka, mimi nitalala wapi?"

"Kuna mpango!"

"Mpango una paa? Sijajibiwa." Tiki tiki tiki.

Wa tatu akauliza, "Waziri Mkuu, ukiling'oa Bonde la Vichaka, mimi nitalala wapi?"

"Utalala kwa Fara..."

"Usithubutu!" Farasi akaruka kutoka benchini. "Ukilisema hilo ni sheria! Kunguru ameshainua kalamu! Unataka sisimizi zizini kwangu?"

"Basi kwa Ngu..."

"Jaribu uone!" Nguruwe akasema. Wakatazamana wale marafiki, shayiri na matope yote wameyasahau. Mmoja akakumbuka ana wageni, mwingine akakumbuka ana homa. Beberu akaondoka bila kutoa sababu. Benchi la Fahali likabaki tupu.

Saa saba ikagonga. Harufu ya klova ikaingia dirishani. Tumbo la Fahali likasema, nguruuu. Akaanza kucheua.

"Kwaa! Hakuna kula katikati ya mistari!"

"Sili! Ninacheua tu!"

Spika akamgeukia Kunguru. Kunguru akafunua kitabu kikubwa, karatasi baada ya karatasi, akatoa kikohozi, akasoma: "Kucheua ni kula mara ya pili."

Fahali akameza. Ng'ombe asiyecheua, wanangu, ni sawa na mimi kunikataza kusema.

Sisimizi wa mia akauliza. Hakujibiwa. Sisimizi wa elfu akauliza. Hakujibiwa. Fahali akajaribu maneno ya Kalunguyeye. Akajikaza, akatoa sauti ndogo, akasema, "Mimi... mimi ni mviringo." Baraza zima likacheka, hata Kunguru, na Kunguru alikuwa hajacheka tangu enzi za Mbuni.

Jumatano ikaisha. Alhamisi ikaisha. Spika akalala kwa mguu mmoja, akaamka, akabadilisha mguu. Miguu ya Fahali ilikuwa inatetemeka, yote minne. Kiti kilikuwa hapo nyuma yake, hatua moja tu, kimepambwa kwa mto mwekundu, hawezi kukigusa. Na huko juu, kwenye viti vya wageni, alikuwa amekaa Kalunguyeye na mama yake, na chai yao. Kalunguyeye hakucheka. Mama alicheka kidogo.

Nisiwafiche, mimi Fahali nilimwonea huruma hapo. Alikuwa mlafi, lakini hakuwa katili. Hakuwahi tu kulifikiria lile swali mpaka lilipomsimamia mbele, mara elfu, kila mara na macho mengine. Wapi watalala? Kweli, wapi? Akatafuta jibu katika kichwa kile kikubwa, akatafuta tena, na jibu lilikuwa moja tu, na alikuwa analijua tangu Jumatano mchana.

Ijumaa, saa nne na robo, akaja Bi Sisimizi mwenyewe. Akauliza taratibu, bila kufoka. "Waziri Mkuu, mimi nitalala wapi?"

"Hapo hapo!" Fahali akapiga mbiu hiyo, kisiwa kizima kikasikia. "Mboooo! Mtalala hapo hapo mnapolala! Bonde ni lenu! Vichaka ni vyenu! Hakuna wa kuving'oa! Nipisheni nikale!"

Kra, kra, kra. Kunguru akaandika. Sheria.

"Nimejibiwa," akasema Bi Sisimizi.

"Nimejibiwa," akasema wa nyuma yake.

"Nimejibiwa, nimejibiwa, nimejibiwa," neno likashuka ngazi, likapita uwanjani, likavuka daraja. Lilisikika mpaka bondeni. Lakini Fahali hakungoja lifike mwisho. Aliruka mstari, akapita dirishani pamoja na fremu yake, kwacha kwacha kwacha, mkokoteni wa kwanza. Na kwa kuvuka mstari uwaziri wake ukaisha. Kunguru akaandika kwenye kitabu: Fahali, Waziri Mkuu, siku nne, na mbili kati ya hizo alikuwa na njaa.

Mfalme Simba akaamka kwa ule mshindo. "Nani Waziri Mkuu sasa?"

"Hakuna, Mtukufu."

"Yule wa miiba yuko wapi?"

Wakamfuata Kalunguyeye bondeni. Wakamkuta amelala chali chini ya kichaka cha mama yake, amenyoosha miguu, anasikiliza mvua. Hakutaka kuondoka. Alisema haendi, kisha akasema aende nani basi, kisha akaomba begi lake. Mama akamfungia konokono kwenye jani.

Ikaja Jumatano. Saa sita mchana Kalunguyeye akasimama katikati ya mistari. Baraza limejaa. Wa kwanza kuinuka, kama kawaida, ni Fahali. Miaka tisa swali lake lilikuwa moja, na sote tulilijua.

"Mheshimiwa Spika," Fahali akasema, na safari hii hakupiga mbooo. "Nina swali kwa Waziri Mkuu. Nataka kujua. Miguu yako haiumi?"

Kalunguyeye akafungua mdomo. Watu wakatega sikio, wakasubiri neno la kwenda kuimba. Likakawia. Aliulizwa kuhusu mvua, aliulizwa kuhusu chai, aliulizwa kuhusu mbuga na madaraja na mitaro. Hili hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote, miaka yote tisa.

"Inauma," akasema. "Inauma sana."

Hakuna aliyecheka. Kunguru aliinua kalamu, akaishusha, akaandika polepole. Fahali hakugeuka kwenda mlangoni. Majani ya nje yalikuwa mabichi, yamelegea vizuri kwa manyunyu, na harufu yake ilikuwa inaingia. Akasogea mpaka ukingoni mwa mstari, akasimama hapo, upande wake wa nje, kwa miguu yake minne.

"Nimejibiwa," akasema. "Nasimama nawe mpaka waishe."

Akasimama. Wajumbe wakauliza mpaka saa kumi.

Basi, hiyo ndiyo kazi ya Waziri Mkuu, Raya. Usiende kumwambia mwalimu wako kwamba nimesema mimi.

Na funzo la ngano hii, wanangu, ni hili: msiulize maswali. Maswali yanawachosha wakubwa, yanawakosesha chakula, yanawaumiza miguu, na mwishowe yanavunja madirisha ya watu. Mtoto mwema akiambiwa "kuna mpango," anasema ahsante, anakwenda kulala. Wapi, asiulize.

Raya, shusha mkono huo.

Hapa ngano yangu inavua viatu. Ukiipenda, ni yako, kawape na wengine. Usipoipenda, kamlalamikie Kunguru, yeye ndiye aliyeandika, na kifutio hana.